Mtoto aliyezaliwa na upungufu wa usikivu: je, sauti zinaweza kumsaidia? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wazazi, mabibi na walimu huyarudia, mengine kwa maneno yale yale. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi hali zisizo za kawaida. Jambo likishaelezwa mahali pamoja, kwingine tunataja namba ya swali tu.

## Mambo ya msingi

1. Urutubishaji wa sauti maana yake nini?

Ni kumpa mtoto sauti kwa makusudi, kila siku, ili kusikia kwake kukue. Tatizo ni kwamba watu huchanganya mambo mawili. La kwanza ni sauti zisizo na ujumbe wowote: mvumo wa mfululizo unaowashwa kwa saa nyingi kwa matumaini kwamba sikio litanufaika. La pili ni sauti zenye maana, hasa maneno ya watu wanaomlea, zikimfikia vizuri kupitia kifaa kilichopimwa kwa sikio lake.

La kwanza lina historia yake maabara (swali la 4) na katika kutibu mlio masikioni (swali la 21). La pili ndilo lenye ushahidi kwa mtoto aliyezaliwa na upungufu wa usikivu. Hapa chini tukisema urutubishaji bila kuongeza neno, tunakusudia hilo la pili.

2. Nikimsikilizisha sauti kila siku, sikio lake litapona?

Kwa aina ya upungufu iliyo ya kawaida zaidi, hapana. Watoto wengi wanaozaliwa na upungufu wa kudumu wana hitilafu ndani ya koklea, sehemu ya sikio la ndani inayogeuza mtetemo kuwa ishara za umeme. Kazi hiyo hufanywa na seli za vinyweleo, kama 15,000 hivi kwa kila sikio. Kwa binadamu, seli hizo zikifa au zisipoumbika sawasawa haziji nyingine. Kuku akipoteza zake huziotesha upya, na wanasayansi wamemchunguza sana kwa sababu hiyo. Mamalia hawana uwezo huo, na hakuna sauti ya juu wala ya chini inayoweza kuwapa.

Hali ni tofauti kama kizuizi kiko kwenye njia, kabla sauti haijafika koklea: tundu la sikio halikufunguka, vifupa vidogo vya sikio la kati vimeshikana, au kuna majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Hapo daktari ana la kufanya, kwa dawa, kwa upasuaji, au kwa kifaa kinachopitisha mtetemo kwenye mfupa wa kichwa. Huwezi kutofautisha hali hizi mbili kwa kumtazama mtoto, kwa hiyo kipimo kinatangulia yote.

3. Kama sikio haliponi, sauti zina faida gani?

Sikio hupokea tu. Anayesikia ni ubongo. Mtoto mwenye usikivu wa kawaida huanza kuitikia sauti akiwa bado tumboni, kwa hiyo anapozaliwa ameshafanya mazoezi kwa wiki nyingi. Mwenye upungufu mkubwa anazaliwa bila mazoezi hayo, na sehemu ya ubongo iliyotengwa kwa ajili ya sauti ikikaa bila kazi huanza kutumiwa na macho na mguso.

Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walichapisha kazi yao na paka weupe waliozaliwa viziwi. Waliwapandikizia vifaa, wakawapa sauti kwa miezi, na sehemu ya ubongo inayohusika na kusikia ikaanza kuitika. Mwaka 2002 Anu Sharma na wenzake huko Marekani walionyesha jambo linalofanana na hilo kwa watoto: waliopata vipandikizi vya koklea (swali la 11) kabla ya umri wa miaka mitatu na nusu, mawimbi ya ubongo wao yalifikia ya wenzao wanaosikia ndani ya miezi michache. Waliopandikizwa baada ya miaka 7, kwa kawaida hayakufika. Kabla ya hapo, mwaka 1998, Christine Yoshinaga-Itano na wenzake walikuwa wameona huko Colorado kwamba watoto waliogunduliwa kabla ya miezi sita na kusaidiwa mapema walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye.

Kwa hiyo unaposhughulika na sauti unashughulika na ubongo ulio mbioni kukua. Hilo ni jambo kubwa, ila si sawa na kusema sikio limepona.

4. Nimesoma kwamba panya na paka waliowekewa sauti hawakupoteza usikivu. Kwa nini isiwe hivyo kwa mwanangu?

Utafiti huo upo na ni wa kweli, lakini husimuliwa nusu.

James Willott na Jeremy Turner walifanya kazi na panya wa maabara ambao huzaliwa wakisikia kisha, kwa sababu ya jeni zao, hupoteza usikivu mapema. Kila usiku kwa saa 12 waliwawekea mvumo wa desibeli 70 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mwaka 1999 waliripoti kwamba usikivu wa panya hao ulishuka taratibu zaidi kuliko wa wenzao waliokaa kimya. Arnaud Noreña na Jos Eggermont, wakiwa Kanada, walichukua paka wazima, wakawapigia kelele kali ya kuumiza masikio, kisha wakawaweka mahali penye sauti tele za wastani. Katika ripoti yao ya 2005, paka hao waliumia kidogo kuliko wale waliorudishwa kwenye ukimya.

Sasa nusu nyingine. Wanyama wote hao walikuwa wanasikia kwanza. Panya walikuwa na seli zilizo hai ambazo bado hazijafa, paka walikuwa wameumizwa saa hiyo hiyo, na sauti waliyowekewa walikuwa wanaisikia. Mtoto aliyezaliwa na koklea isiyofanya kazi hayumo katika hali yoyote kati ya hizo. Tena, katika kazi zilizofuata za panya, matokeo yalibadilika kulingana na ukoo, umri na jinsia, na kwa baadhi yao sauti ile ile iliongeza madhara. Jambo ambalo laweza kumfaa panya mmoja na kumdhuru mwingine si la kujaribiwa na mzazi chumbani kwa mtoto.

Nionavyo, utafiti huu unafaa kumwambia mzazi jambo moja: njia za kusikia hazipendi kukaa bila kazi. Namna ya kuzipa kazi ndiyo habari ya maswali yanayofuata.

## Kugundua na kupima

5. Bibi yake anasema baba yake naye alichelewa kusema. Tusubiri?

Msisubiri. Huenda bibi anasema kweli kuhusu mwanawe, na bado mjukuu akawa na tatizo. Kupima hakuna ubaya, na mtoto akikutwa anasikia vizuri mmepoteza nauli tu. Wataalamu hulenga mtoto awe amechujwa kabla ya mwezi mmoja, tatizo limethibitishwa kabla ya miezi mitatu, na msaada umeanza kabla ya miezi sita. Huku kwetu kupima kila mtoto anayezaliwa bado si jambo la kawaida, kwa hiyo jicho la kwanza ni la mzazi.

6. Nikipiga makofi anageuka. Si anasikia?

Huenda, huenda sivyo. Mtoto anaweza kugeuka kwa sababu ameona kivuli, amehisi upepo wa mikono yako au mtikisiko wa kitanda. Pia upungufu una viwango. Wapo wanaosikia ngoma na mlango unaobamizwa, lakini *s*, *sh*, *f* na *t* haziwafikii kabisa. Mtoto wa namna hiyo hugeuka ukimwita kwa ukali, watu wakasema ni mtundu, asiyetaka kusikia la mtu.

Usidanganywe na kugugumia pia. Watoto viziwi nao hutoa sauti katika miezi ya mwanzo. Kinachotokea ni kwamba baadaye, pale wenzao wanapoanza *ba-ba-ba* na *ma-ma-ma* za kurudiarudia, wao hupungua au kubaki pale pale.

Hospitalini kuna vipimo viwili vinavyofaa hata kwa mtoto mchanga, na vyote haviumi. Katika kimoja, kichomeko laini huingizwa mlangoni mwa sikio, hutoa sauti na kusikiliza mwangwi mdogo unaorudishwa na koklea. Katika kingine, waya hubandikwa kichwani wakati mtoto amelala na mashine husoma kama ishara zinapita kwenye mshipa wa kusikia hadi ubongoni. Tofauti ya vipimo hivi ina uzito wake (swali la 19). Uliza idara ya masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa, kama vile Muhimbili au Kenyatta. Kenya pia ina vituo vya tathmini ya elimu, EARC, tangu 1984, ambavyo hupokea watoto na kuwaelekeza.

7. Ni kosa la nani?

La mtu yeyote, hapana. Mara nyingi jeni huhusika, na wazazi wote wawili wanaweza kuwa wanasikia vizuri na hata hawana ndugu kiziwi. Sababu nyingine ni maambukizi wakati wa ujauzito, kama rubela na kirusi cha CMV ambacho mama anaweza kuwa nacho bila kuhisi chochote, kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, umanjano mkali usiotibiwa, na baadhi ya dawa, gentamisini ikiwemo, ambazo wakati mwingine zilitolewa kuokoa maisha ya mtoto huyo huyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kama asilimia 60 ya upungufu wa usikivu wa utotoni ungeweza kuzuiwa. Chanjo ya surua na rubela, iliyoingia katika ratiba ya Tanzania mwaka 2014 na ya Kenya mwaka 2016, ni sehemu ya kazi hiyo.

Mama anayeambiwa na wakwe kwamba ni laana asibishane. Aende na mmoja wao kliniki, mtaalamu aeleze.

## Kifaa kwanza

8. Siwezi tu kuongea kwa nguvu, au kumwekea redio karibu na sikio?

Kupaza sauti huongeza irabu kuliko konsonanti. *Aaa* yako inakuwa kubwa, *s* inabaki pale pale, na mdomo unapotoshwa na ukelele. Mtoto anapata fujo, hapati neno. Shime sikio, yaani kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, likipangwa na mtaalamu hufanya kazi nyingine: hukuza zile sauti ambazo sikio lake limepungukiwa, kwa kiasi kilichopimwa, na huwa na ukomo ili sauti kubwa isimdhuru.

Redio sikioni ni hatari kwa usikivu wowote uliobaki. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Spika ndogo iliyobandikwa sikioni huvuka hapo bila shida.

Kwa sababu hiyo hiyo usinunue kifaa mtandaoni wala sokoni bila kipimo. Vile vya bei rahisi vinavyokuza kila kitu hukuza pia kelele za barabarani.

9. Avae kwa muda gani? Yeye huvua na kutupa.

Lengo ni muda wote akiwa macho. Saa kumi kwa siku ni kiwango kizuri kwa mdogo, na zaidi kadiri anavyokua. Mtoto anayevaa saa mbili kwa siku anasikia dunia kwa vipande.

Kuvua ni kawaida, hasa kati ya miezi sita na miaka miwili. Kwanza angalia sababu: je, kipande kinachoingia sikioni kimekuwa kidogo? Sikio la mtoto mchanga hukua haraka na kipande hicho huhitaji kubadilishwa kila baada ya miezi michache. Kikilegea, kifaa hupiga mluzi. Kama hakuna kidonda wala mluzi, anza na nyakati anazozipenda, kula na kucheza, na umvalishe tena bila ugomvi kila anapovua. Uzi unaoshikiza kifaa kwenye nguo, au kofia nyepesi ya kitambaa, huokoa fedha nyingi.

10. Tunaishi pwani. Jasho na unyevu vinaua betri na kifaa. Tufanyeje?

Usiku toa betri, acha kimlango wazi, weka kifaa kwenye chupa yenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vikishiba unyevu havifai tena, tafuta vingine. Usikianike juani, na usikiweke karibu na jiko.

Betri za shime sikio nyingi hufanya kazi kwa hewa. Ukibandua stika yake imeanza kuisha, hata ukiirudisha. Iache dakika moja au mbili ipate hewa kabla ya kufunga kimlango. Na zifiche mbali na watoto: betri iliyomezwa ni dharura, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

11. Kipandikizi cha koklea ni suluhisho la mwisho?

Ni msaada mkubwa kwa mtoto ambaye shime sikio halimfikishii maneno, mradi mshipa wa kusikia upo. Nyuzi nyembamba huingizwa ndani ya koklea na kuchochea mshipa moja kwa moja, bila kutegemea seli za vinyweleo. Muhimbili ilianza upasuaji huu mwaka 2017, na ilipunguza haja ya kupeleka watoto India.

Lakini siku ya upasuaji mtoto hasikii. Kifaa cha nje huwashwa wiki kadhaa baadaye, na mwanzoni sauti ni ngeni kabisa kwake, wengine hulia. Baada ya hapo ni miaka ya kurekebisha mashine na kumfundisha kusikiliza. Kuna swali moja ambalo familia nyingi hukumbuka kuliuliza kwa kuchelewa: waya ukikatika, au kifaa cha nje kikiharibika, kipya ni shilingi ngapi na kitatoka wapi? Ulizeni kabla ya kusaini.

## Nyumbani, kila siku

12. Sauti gani zinamsaidia zaidi?

Sauti yako, ukiwa karibu, ukizungumzia kile ambacho mtoto anakitazama wakati huo. Unapomwogesha taja maji, sabuni, mguu. Unapokuna nazi mwache asikie mbuzi inavyokwaruza, nyamaza, gusa sikio lako, mwambie "umesikia?", kisha mwonyeshe. Jogoo, adhana, kengele ya kanisa, honi ya bodaboda, ufunguo mlangoni: kila sauti ipate mwenyewe.

Halafu nyamaza umngojee. Hapa ndipo wazazi wengi wenye bidii huteleza. Wanaongea mfululizo kama watangazaji wa mpira, mtoto hapati zamu. Mazungumzo ni ya kupokezana, hata kama zamu yake ni kukodoa macho au kutikisa mguu. Michezo ya makofi na nyimbo za kubembeleza zinafaa kwa sababu zina mapigo, zinarudiwa, na zina mahali pa kusimama ambapo mtoto anajua kinachofuata. Akikua, vitendawili: "kitendawili" lazima kijibiwe "tega", na zamu ndiyo hiyo.

13. Tunaacha televisheni au redio ikiwaka mchana kutwa ili azoee sauti. Ni sawa?

Zimeni. Mwaka 2003 Edward Chang na Michael Merzenich waliripoti kwamba watoto wa panya waliolelewa ndani ya mvumo wa mfululizo walichelewa kukomaa sehemu ya ubongo inayochambua sauti. Mvumo ulikuwa wa wastani tu, wala haukuwaumiza masikio. Ubongo hujifunza kwa kutofautisha sauti moja na nyingine, na mvumo usiokatika hufunika tofauti hizo.

Hii inahusu pia visomo vya dini na muziki mzuri. Wekeni kwa muda, msikilize pamoja, muitikie, kisha mzime. Kwa mtoto mwenye kifaa, redio ya sebuleni na sauti ya mama vyote hukuzwa, na redio hainyamazi kumpisha mama.

14. Tunaishi chumba kimoja, bati juu, majirani pande zote. Ukimya tutautoa wapi?

Hamhitaji ukimya wa msikitini. Silaha yenu ni umbali. Mahali pa wazi, kila umbali unapopungua kwa nusu, sauti huongezeka kwa desibeli 6 hivi. Ukimsogelea kutoka mita nne hadi mita moja umeongeza desibeli 12, bila kupaza sauti hata kidogo, na kelele za jirani hazijaongezeka. Mtoto aliyebebwa kifuani au mgongoni yuko mahali pazuri kuliko darasa lolote la gharama.

Mkeka, zulia, godoro na kanga zilizotundikwa hupunguza mwangwi wa sakafu ya saruji. Chagueni pia saa: alfajiri kabla mtaa haujaamka, au usiku baada ya chakula. Mvua ikipiga bati, acheni. Hata mwenye masikio mazima hasikii vizuri. Huo ni wakati wa picha, ishara na kucheka.

Darasani tatizo ni lile lile, ila mwalimu hawezi kumbeba. Inapendekezwa sauti ya mwalimu izidi kelele za darasa kwa desibeli 15. Kaeni naye mwongee: kiti cha mbele, mbali na dirisha la barabarani, mwalimu asiongee akiwa ameelekea ubaoni. Kama mnaweza kupata maikrofoni ya mwalimu inayotuma sauti moja kwa moja kwenye kifaa, ni fedha iliyotumika vizuri.

15. Nitajuaje kila asubuhi kwamba kifaa kinafanya kazi?

Tumia sauti sita za Daniel Ling, mtaalamu wa kufundisha watoto viziwi: *mmm, uuu, aaa, iii, shh, sss*. Zimechaguliwa kwa sababu kwa pamoja zinagusa upana wote wa sauti za maneno, kutoka nzito hadi nyembamba, na kwa Mswahili zote ni za kawaida mdomoni. Kaa nyuma yake au ficha mdomo kwa karatasi, sema moja, ngoja, badilisha mpangilio na vipindi vya kungoja asikariri. Mtoto mchanga ataacha kunyonya au atapanua macho. Wa miaka miwili na nusu anaweza kutia punje ya haragwe kikombeni kila anaposikia.

Akizikosa zote, angalia betri. Akipoteza *sss* na *shh* peke yake, na jana alizisikia, angalia kama nta imeziba au mrija wa mpira wa kifaa umepinda. Kama kifaa ni kizima na bado hazisikii kwa siku mbili tatu, soma swali la 23.

16. Tuongee naye Kiswahili, lugha ya nyumbani au Kiingereza?

Lugha unayoiongea bila kutafuta maneno. Kiingereza cha kuungaunga kutoka kwa mama anayekiogopa hakimfai, na mtoto mwenye kifaa anaweza kulelewa kwa lugha zaidi ya moja.

Kiswahili kinamsaidia kwa kuwa silabi zake huishia kwa irabu, na irabu ndizo zenye nguvu. Kina mtego wake pia. Tofauti ya *atakuja* na *hatakuja* ni pumzi moja nyepesi mwanzoni, na mtoto wako anaweza kuikosa kabisa akajikuta anamngojea baba asiyekuja. Katika kukanusha tikisa kichwa, ongeza neno: "Baba leo hatakuja, hapana."

17. Tukimfundisha lugha ya alama hataona haja ya kusema?

Hofu hii ni ya zamani, na tunaisikia hata kutoka kwa watu wa afya. Lugha ya alama haimzuii mtoto kusema. Inampa lugha sasa hivi, wakati kifaa bado kinatafutwa, betri imekwisha, au anaoga. Mtoto aliyekwisha kuwa na lugha moja ana mahali pa kuijengea ya pili.

Wala si lugha ya kubahatisha. Katiba ya Kenya ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, sawa na Kiswahili na Kiingereza. Tanzania ina lugha yake ya alama na shule za viziwi tangu ile ya Tabora ya 1963. Mtafuteni mtu mzima kiziwi aje nyumbani. Mtoto akimwona fundi, mwalimu au mama wa watoto ambaye ni kiziwi, nanyi mtapumua.

## Hali zisizo za kawaida

18. Sikio moja tu halisikii. Kuna haja ya kuhangaika?

Ipo. Atasema, na watu watasahau, lakini atashindwa kujua sauti inatoka upande gani na atapotea kwenye kelele. Sikio zima lielekee kwa mwalimu. Mfundisheni kuvuka barabara kwa macho, kwa kuwa hatajua bodaboda inatokea wapi. Mtaalamu aangalie kama kifaa kinafaa, na sikio zima lilindwe na lipimwe kila mara.

19. Kipimo kimoja kinasema anasikia, kingine kinasema hasikii. Nani mkweli?

Vyote viwili. Koklea inaweza kurudisha mwangwi wake vizuri wakati ishara zinazokwenda ubongoni zimevurugika. Hali hii hutokea zaidi kwa walioanza maisha na umanjano mkali, waliokosa hewa au njiti, na baadhi ni ya jeni. Mtoto anaweza kusikia kwamba kuna sauti bila kuelewa neno, na hubadilika siku hadi siku. Shime sikio huwafaa baadhi yao, wengine hunufaika na kipandikizi. Kwao kelele ni adui maradufu, hivyo maswali ya 13 na 14 yafuatwe kwa ukali zaidi, na lugha ya alama ianze mapema. Mkipewa jibu la kipimo kimoja pekee kwa mtoto aliyelazwa wodi ya watoto njiti, ombeni na cha pili.

20. Mtoto yuko wodi ya njiti. Tumwekee muziki?

Spika au vipokea sauti ndani ya mashine ya joto, hapana. Madaktari wa watoto wa Marekani wanapendekeza kelele za wodi hizo zisizidi desibeli 45, na mashine peke yake mara nyingi huvuka hapo. Mama akimweka kifuani ngozi kwa ngozi na kumnong'oneza au kumwimbia taratibu, hiyo ndiyo sauti inayomtosha.

21. Mkubwa wake ana mlio masikioni na ameshauriwa kuweka sauti za mvua usiku. Si urutubishaji huo huo?

Jina ni hilo, kazi ni nyingine. Kwa mwenye mlio, sauti ya chini nyuma ya usingizi hupunguza tofauti kati ya mlio na ukimya ili ubongo uache kuufuatilia. Hairudishi usikivu. Mashine za namna hiyo zisiwekwe karibu na kitanda cha mtoto mchanga. Nyingine zina nguvu ya kudhuru.

22. Ana miaka minane, hajawahi kuvaa kifaa. Tumechelewa?

Kwa jambo moja, ndiyo: kuelewa maneno kwa masikio peke yake kutakuwa kugumu, na kipandikizi katika umri huu kwa mtoto asiyewahi kusikia huleta matokeo madogo. Mtu akikuahidi vinginevyo, muulize amewahudumia watoto wangapi wa umri huo. Kwa mengine hamjachelewa. Akiwa na usikivu kiasi, shime sikio litamwezesha kusikia akiitwa, kusikia gari, na kusoma midomo kwa urahisi zaidi. Kinachohitajika wiki hii, siyo mwaka ujao, ni lugha kamili anayoweza kuiona (swali la 17) na shule inayoitumia. Mtoto wa miaka minane asiye na lugha yoyote ana dharura kubwa kuliko ya masikio.

23. Alikuwa anasikia na kifaa, sasa anashuka. Kwa nini?

Kwanza kagueni kifaa na nta, kisha majimaji nyuma ya ngoma baada ya mafua. Kama si hayo, upungufu mwingine wa kuzaliwa huendelea kushuka, hasa uliotokana na CMV au na kasoro ya umbo la sikio la ndani ambapo hata pigo dogo la kichwa huweza kuushusha ghafla. Rudini hospitali ndani ya siku chache, msingoje kliniki ya mwezi ujao.

24. Kuna programu ya simu, na kuna mafuta, vinavyosemekana kurudisha usikivu.

Programu za kufundisha kusikiliza zinaweza kuwa zoezi zuri kwa mwenye kifaa. Zinazodai kurudisha usikivu uliopotea tangu kuzaliwa zinakwenda kinyume na jibu la swali la 2. Mafuta ya moto, maji ya kitunguu na majani sikioni huchubua ngozi na kuleta usaha. Kisha mtoto hawezi kuvaa kifaa mpaka apone.

25. Tumesikia watoto wamepona uziwi kwa sindano ya jeni. Tungojee hiyo?

Habari ni za kweli kwa kundi dogo sana. Jeni iitwayo OTOF hutengeneza protini ambayo bila hiyo seli za vinyweleo, ingawa ni nzima, haziwezi kupitisha ujumbe kwenye mshipa. Januari 2024 watafiti wa China walichapisha matokeo ya watoto sita waliotiwa jeni nzima ndani ya koklea, watano wakaanza kusikia. Jeni hiyo inakadiriwa kuhusika na asilimia 1 hadi 8 ya uziwi wa kuzaliwa, na sindano hiyo haigusi aina nyingine.

Ikiwa mtoto wenu ana hali ya swali la 19 bila historia ya njiti au umanjano, muulizeni mtaalamu kuhusu kipimo cha jeni. Wakati mkingoja majibu, kifaa kivaliwe na lugha iendelee, kwa sababu hata mtoto aliyefunguliwa masikio kwa sindano huanza na ubongo ambao haujawahi kusikia neno, na mafunzo yake ni yale yale ya maswali ya 12 hadi 15.